Shajara ya mradi wa mazoea ya kila siku: Kibirizi, Kigoma, 2024

Januari 8: Mpango na gharama za mwanzo

Shajara hii inafuatilia jaribio la watu watatu la kujijengea mazoea ya kila siku. Mimi ninanunua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi, yaani mahali pa kushushia samaki kando ya Ziwa Tanganyika, na kuwakausha kwa ajili ya kuwauza. Wa pili ni dada yangu, ninayefanya naye kazi kwenye vichanja, yaani meza za wavu za kuanikia dagaa. Wa tatu ni jirani yetu wa Mwanga, fundi cherehani. Wenzetu wa kikundi cha kuweka na kukopa wameomba tuandike kila hatua inapokamilika, pamoja na fedha zilizotumika, ili atakayetaka kuiga asilazimike kulipia tena yale tuliyokwisha kuyalipia sisi.

Mazoea tuliyochagua ni matatu. La kwanza ni kusoma kurasa kumi kwa siku. La pili ni kuandika hesabu ya biashara kila siku, yaani kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichokopeshwa na kilichobaki. La tatu ni kutembea nusu saa na kunyoosha mgongo, kwa sababu anayeinamia vichanja tangu asubuhi hadi jua la mchana hujua mwenyewe anavyolala usiku.

Vifaa vya mwanzo vimegharimu Sh 59,000: madaftari matatu makubwa Sh 12,000, saa ya mezani ya kengele Sh 10,000, taa ndogo ya sola Sh 28,000 na vitabu vya mitumba kutoka sokoni Sh 9,000. Fundi wetu alitaka vitabu vya hadithi viruhusiwe. Dada alipinga, kisha akakubali alipoona kwamba mwenzake angejitoa.

Januari 29: Saa ya kengele imeondolewa

Ratiba ya kwanza ilitutaka tuamke saa kumi na moja alfajiri, tusome, kisha tutembee kabla ya kwenda mwaloni. Ushauri huo wa kuamka saa kumi na moja umeenea sana miongoni mwa wanaozungumzia kujiendeleza, na pengine unawafaa wale wanaoutoa. Kwa Kigoma, saa hiyo ni usiku kamili. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na digrii 29.6, na kwa kuwa kila digrii ni sawa na dakika nne za mwendo wa jua, jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima. Mwezi huu wa Januari linachomoza karibu na saa moja asubuhi, na ifikapo Julai litachomoza saa moja ikiwa imekwisha kupita. Mtu wa Dar es Salaam huliona kiasi cha dakika arobaini kabla yetu. Kwa hiyo, anayeamka Kigoma saa kumi na moja anaamka takriban saa mbili kabla ya jua kuchomoza.

Matokeo yalikuwa kama yanavyotarajiwa. Kurasa zilisomwa huku macho yakifumba, na kila aliyeulizwa jioni alichosoma alikumbuka kichwa cha sura tu. Taa ya sola iliyowekwa barazani ilikusanya kumbikumbi wa masika hadi kitabu kikafungwa kwa sababu yao. Kutembea kulikufa mapema zaidi, kwa kuwa njia ya kushukia ziwani ina mbwa wengi gizani na hakuna mwanamke mwenye busara anayeipita peke yake wakati huo.

Tulichokibadilisha ni kiashirio cha kuanzia, yaani tukio linalotukumbusha kwamba wakati wa zoea umefika. Badala ya saa, kusoma sasa kunaanza mara baada ya adhana ya alfajiri, ambayo kwetu husikika karibu na saa kumi na mbili kasoro na husogea pamoja na jua mwaka mzima. Mimi na dada tunaswali kwanza, kisha kitabu kinachukuliwa kutoka juu ya mkeka ule ule kabla haujakunjwa. Fundi wetu ni Mkristo, lakini adhana inamwamsha kama inavyotuamsha sisi, naye amekubali kuitumia bila mjadala wowote wa dini.

Mbinu hii ina msingi wake katika utafiti. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba mtu anayepanga mapema kwamba “likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani” hutekeleza nia yake mara nyingi zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba amekusudia kufanya. Saa ya mezani tumemrudishia muuzaji akaikataa, hivyo Sh 10,000 zimepotea. Kutembea kumeahirishwa hadi tupate pa kukuweka.

Februari 26: Hesabu imehamishwa kutoka nyumbani hadi kichanjani

Hapa ndipo muda mwingi umetumika, na ndipo anayeiga anapaswa kusoma kwa makini.

Hesabu iliwekwa usiku kabla ya kulala, kwa kuwa inaonekana ni jambo la kimantiki kufunga siku kwa kuandika ilivyokwenda. Tatizo la usiku ni kwamba ndipo kazi nyingine zote za nyumbani zinaporundikana: chakula, watoto, maji ya kesho, na umeme unaoweza kukatika kabla ya lolote kati ya hayo kwisha. Zaidi ya hapo, fedha iliyopokelewa asubuhi inakuwa imekwisha kugawanyika. Kiasi kimenunua unga, kiasi kimelipa bodaboda, mtu mwingine amepewa chenji kutoka kwenye fungu hilo hilo, na anayeandika saa nne usiku anaandika makisio.

Kwanza tulijaribu programu ya simu ya kufuatilia mazoea. Inahesabu siku mfululizo na kuonyesha namba kubwa katikati ya kioo. Siku moja ikikosekana, namba inarudi sifuri. Dada alipoiona sifuri baada ya msiba wa jirani, ambapo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushika simu, aliacha kuifungua kabisa. “Siwezi kuadhibiwa na simu kwa kwenda kuzika,” alisema, na sikuona cha kumjibu. Bando lililotumika kwa jaribio hilo lilikuwa Sh 6,000.

Suluhisho lilipatikana kwa kuangalia siku yetu ina upenyo gani. Dagaa wakishatandazwa kwenye wavu wa kichanja, kuna kipindi ambacho hakuna cha kufanya isipokuwa kufukuza kunguru na kusubiri upande wa juu ukauke kabla ya kuwageuza. Ununuzi wa asubuhi bado uko kichwani, bei ya beseni haijasahaulika, na fedha iliyobaki iko kwenye kibindo bila kuguswa. Kanuni mpya ni hii: beseni la mwisho likishatandazwa, daftari linafunguliwa kabla ya mtu kukaa chini. Mauzo ya siku iliyotangulia yanaandikwa hapo hapo.

Utekelezaji ulidai marekebisho madogo ambayo hakuna ushauri wa jumla unaoyataja. Mikono iliyotoka kutandaza dagaa ina magamba na mafuta, hivyo wino wa kalamu haukushika kwenye karatasi, na pale uliposhika ulichafuka. Sasa tunatumia penseli. Daftari lililowekwa kwenye kapu lililowa maji ya samaki siku za mwanzo, likavimba na kunuka hadi kurasa za nyuma zikashikana; kwa hiyo limehamia ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, na penseli imefungwa kwenye mpini wa kopo kwa kipande cha uzi wa nyavu. Penseli na kichongeo vimegharimu Sh 1,000, kopo Sh 1,500.

Fundi wetu amefuata kanuni hiyo kwa namna yake: anaandika akishafunika cherehani kwa kitambaa, kabla ya kuinuka kwenye kiti.

Aprili 29: Karatasi ya wiki imechanwa

Kufikia Machi tulikuwa tukiweka alama kwenye karatasi ya manila ukutani, yenye visanduku saba kwa kila wiki, tuliyoinakili kutoka kwa mtu wa ofisini. Ukiitazama kwa mbali ilionyesha kwamba mimi na dada ni watu wasioaminika: kwa siku kadhaa mfululizo alama zilijaa, kisha kwa siku kadhaa nyingine zikatoweka, hasa za kusoma.

Anayeishi kwa dagaa angeielewa karatasi hiyo mara moja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za umeme wa sola na betri. Mwanga huwavuta kuja juu karibu na chombo. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa lote, taa hupoteza nguvu, na vyombo vingi hukaa ufukweni hadi giza lirudi. Mwezi mpevu ulikuwa Machi 25 na tena Aprili 24, na mwezi mwandamo wa Aprili 8 ulikuwa katikati yao. Visanduku vitupu vilikuwa vya siku za giza, tunapowahi mwaloni kabla ya mapambazuko kusubiri vyombo. Vilivyojaa vilikuwa vya mbalamwezi, tunapokuwa nyumbani. Bibi mmoja mwenye kichanja jirani na chetu, nilipomwamkia na kumweleza tatizo hili, aliangalia manila yangu niliyokuwa nimeikunja chini ya kwapa akasema, “Marahaba, mwanangu. Hiyo karatasi yako haijui mwezi.”

Ramadhani, iliyoangukia kati ya Machi na Aprili, iliongeza mvurugiko wa aina nyingine, kwa kuwa daku ilisogeza usingizi na fundi wetu alizidiwa na nguo za Idi. Hilo hutokea mara moja kwa mwaka na hatukulitafutia dawa. Mwezi unarudi kila mara, hivyo ulihitaji dawa ya kudumu.

Manila mpya, pamoja na rangi, imegharimu Sh 1,500. Haina wiki. Ina safu mbili, moja ya giza na moja ya mbalamwezi, na kila zoea lina vipimo viwili. Katika giza, kusoma ni ukurasa mmoja, na unaweza kusomwa mwaloni kwa taa ya sola tukisubiri vyombo. Katika mbalamwezi ni kurasa kumi na tano, baada ya adhana, kwenye mkeka. Kutembea kumewekwa katika mbalamwezi pekee, jioni, kabla ya magharibi, wakati ambapo sisi watu wa Kigoma tuna mwanga mrefu kuliko wenzetu wa pwani. Ukurasa mmoja unaonekana kama mzaha, na dada alicheka, lakini kazi yake ni kulinda uhusiano kati ya kiashirio na kitendo hadi nafasi ipatikane.

Kuhusu muda, kuna dhana iliyosambaa kwamba zoea hujengeka kwa siku 21. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Maneno yake yalihusu kuzoea kioo, na hata hivyo alisema “angalau”. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akichagua jambo la kula, kunywa au kufanya baada ya kiashirio kimoja cha kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba muda wa kati wa jambo kufikia kiwango cha kufanyika lenyewe ulikuwa siku 66, na kwamba kati ya mtu na mtu ulikadiriwa kutofautiana kutoka siku 18 hadi 254, hesabu ya juu ikiwa ni makadirio yanayovuka wiki 12 za utafiti. Walionyesha pia kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu ujenzi wa zoea. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo linalopaswa kubandikwa ukutani kwa watu wenye misiba, harusi na mwezi mpevu.

Juni 24: Ziwa limefungwa

Serikali imesitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu tunaielewa. Anayenunua dagaa amekuwa akiona mwenyewe beseni linavyopanda bei na kupungua ujazo.

Kwa mradi huu, matokeo yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kichanja kilipobaki kitupu, hesabu ilisimama siku ile ile. Hakukuwa na beseni la mwisho la kutandaza, na bila beseni hakuna aliyekumbuka daftari, ingawa tuliendelea kuuza dagaa wakavu tuliokuwa nao akibani na fedha ziliingia na kutoka kila siku. Kusoma kwa upande mwingine hakukutikisika, kwa kuwa adhana haikufungwa. Kwa fundi wetu hakuna kilichobadilika.

Wendy Wood na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti kuhusu wanafunzi waliohama chuo: mazoea yao ya kufanya mazoezi ya mwili, kusoma magazeti na kutazama televisheni yaliendelea pale ambapo mazingira mapya yalifanana na ya zamani, na yalikatika pale yalipotofautiana. Kwetu mwalo ndio uliohama.

Dada alipendekeza tusubiri Agosti. Nilikataa kwa sababu miezi mitatu ya biashara bila kumbukumbu ni mingi mno, na hasa hii ambayo mtaji unaliwa bila kurejeshwa. Tumeingia katika mawese, tukinunua kwa dumu na kuuza kwa chupa na kwa kipimo mezani, nje ya nyumba. Jaribio la kwanza lilikuwa kuandika kila tunapofungua meza asubuhi. Lilishindikana kwa sababu mteja wa kwanza hufika kabla meza haijakaa sawa. La pili lilikuwa kuandika tunapofunga meza. Lilishindikana kwa sababu hakuna wakati wa kufunga, mteja anabisha hodi hata saa mbili usiku akitaka mafuta ya kukaangia.

Lililofanikiwa ni kukifunga kitendo kwenye fedha zenyewe. Kila siku, biashara yoyote iwayo, kuna wakati mtu anatoa fedha zote kibindoni, anazipanga noti kwa ukubwa na kutenga ya mtaji. Dada hufanya hivyo akitoka kuswali adhuhuri, mimi baada ya alasiri. Penseli sasa inashikwa kabla noti hazijarudishwa. Kopo la daftari na kopo la fedha vimekuwa kimoja, ili anayefuata fedha alione daftari.

Septemba 16: Ziwa limefunguliwa, na kilichoonekana daftarini

Uvuvi uliruhusiwa tena baada ya Agosti 15, lakini mwezi mpevu ulikuwa Agosti 19, hivyo giza la kwanza kamili kwetu limekuwa la mwanzo wa mwezi huu. Tulitarajia hesabu irudi kichanjani. Haikurudi, na hatukuilazimisha. Kiashirio cha fedha kimevuka kutoka mawese hadi dagaa bila kukatika, jambo ambalo cha beseni kilishindwa. Yeyote anayeiga na ambaye kazi yake hubadilika kwa msimu namshauri aruke hatua yetu ya Februari na kuanzia hapa, ingawa penseli na kopo vinabaki kuwa vya lazima kwa mtu wa samaki.

Daftari sasa lina urefu wa kutosha kusomeka kama kitabu. Tulidhani hasara yetu kubwa ni mvua, kwa sababu mvua huonekana: dagaa wanalowa, wanabadilika rangi, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Katika kurasa za Februari hadi Mei, hasara ya mvua imo, lakini inazidiwa sana na mali kauli, yaani mzigo tuliowapa wateja kwa ahadi ya kulipa baadaye. Majina yale yale yanajirudia, na mengine yana mzigo wa tatu kabla ya kulipa wa kwanza. Hakuna kati yetu aliyekuwa akilijua hilo, kwa sababu kila deni lilipokelewa na mtu tofauti kati yetu wawili, na kila mmoja alimhesabia mteja deni moja.

Utaratibu mpya ni kwamba mzigo wa mkopo hautoki kabla jina halijatafutwa daftarini. Mteja mmoja, ambaye ni shemeji yetu, amekasirika. Aliambiwa kwa heshima, mbele ya mkewe, na deni lake likasomwa kwa tarehe. Alilipa nusu ya deni wiki iliyofuata na bado hatusalimii vizuri.

Novemba 4: Hali ilivyo

Kusoma kunaendelea kwa wote watatu. Vitabu vya Januari vimeshabadilishana mikono, na fundi wetu, aliyepigania hadithi, ndiye aliyeazima kitabu cha kilimo cha mchikichi na kukimaliza kabla yetu. Hesabu inaendelea kwangu na kwa dada. Fundi anaandika mapato tu na hapendi kuandika matumizi, na hatujaona njia ya kumshawishi.

Kutembea kumefutwa. Kulifanyika katika mbalamwezi za kiangazi, tukakufurahia, lakini mvua zimerudi na jioni ndiyo saa yake ya kupendelea kunyesha. Sababu ya msingi zaidi ni kwamba zoea hilo halikuwahi kupata kiashirio: jioni zetu hazina tukio moja linalotokea kila siku kwa namna ile ile. Sehemu ya kunyoosha mgongo imeokolewa kwa kuungwa kwenye kugeuza dagaa. Kila upande mmoja wa kichanja ukikamilika, mtu anasimama wima na kujinyoosha kabla ya kuhamia wa pili.

Jumla ya gharama ni Sh 69,000. Kati ya hizo, Sh 16,000 zilikwenda kwa saa ya kengele na bando, ambavyo havikuhitajika. Taa ya sola ndiyo kifaa ghali kuliko vyote, na anayesoma baada ya mapambazuko anaweza kuiacha. Anayeanza leo akiwa na daftari, penseli, kopo, manila na kitabu cha kuazima hatazidi Sh 8,000.

Wanakikundi watano wameomba kuanza. Mmoja ni mama ntilie wa stesheni, ambaye siku zake hufuata ratiba ya treni. Tumemwomba aorodheshe kwanza, kwa wiki mbili, mambo yanayotokea kila anapokuwa kazini, treni iwepo au isiwepo, kabla ya kuchagua zoea lolote. Orodha yake ya awali ina kuwasha jiko, kuosha sufuria ya wali na kuhesabu sahani. Mimi nimependekeza sahani. Yeye anaona jiko, kwa kuwa maji yakishainjikwa anabaki na muda. Ingizo lake katika shajara hii litafuata akishaamua.